Kulinganisha Vioo vya Darubini

Miaka michache iliyopita niliitwa na mwalimu wa sayansi wa shule moja ya pwani nikaitazame darubini iliyokuwa imelala ghalani misimu mingi, kati ya madawati yaliyovunjika na ramani zilizoliwa na mende, kwa sababu watu wote wa pale, tangu mwalimu mkuu hadi mlinzi wa usiku, walikuwa wamekwisha kukata shauri kwamba chombo kile ni kibovu na hakina tamaa ya kupona. Ilikuwa darubini ya vioo, ya namna aliyoibuni Isaac Newton, mwanzi wake mrefu kama kimo cha mtoto wa miaka saba, na kioo chake kikubwa kina upana wa milimita 150. Ilikuja kwa lori kutoka mbali, ikafunguliwa kwa shangwe, ikaelekezwa kwenye sayari ya Mushtara usiku uleule. Na watoto waliojipanga mstari kungojea zamu zao wakaona, mmoja baada ya mmoja, doa la ukungu lenye mkia upande mmoja, mfano wa tone la maziwa lililodondoka juu ya kitambaa cheusi likaanza kutambaa. Usiku wa pili doa lilikuwa lilelile, na wa tatu vilevile. Ndipo ikasemwa kwamba kioo kimeharibika njiani, na mlango wa ghala ukafungwa.

Kioo hakikuwa na kosa. Nilipochungulia ndani ya mwanzi kwa mwanga wa mchana nilikikuta kizima, kina vumbi kidogo lisilodhuru, na mng'ao wake haujapungua. Lililokosekana lilikuwa jambo moja tu, kwamba kioo hicho na mwenziwe mdogo wa juu, ambavyo viliwekwa vitazamane kama watu wawili wanaosemezana, kila kimoja kilikuwa kimegeuza uso wake pembeni. Tangu siku hiyo nimekutana na darubini nyingine kadhaa zilizohukumiwa kifo kwa sababu hiyohiyo, majumbani na mashuleni, na kila mara huwaonea huruma wale waliozifungua kwa matumaini makubwa wakanyimwa mbingu kwa jambo ambalo mtu mwenye subira na bisibisi mkononi hulisahihisha kwa muda usiozidi saa moja. Kazi hiyo, ya kulinganisha vioo, ndiyo niliyokusudia kuieleza hapa.

Darubini ya namna hii ina vioo viwili. Kikubwa, ambacho ni mbonyeo, hukaa kwenye kitako cha mwanzi, uso wake umeelekea mbinguni. Hupokea nuru ya nyota, ambayo kwa umbali wake hutufikia kwa miali iliyo sambamba, huikusanya, na kuirudisha juu ikutane mahali pamoja panapoitwa fokasi. Lakini madhali nuru hiyo ingekutana katikati ya mdomo wa mwanzi, mwenye kutazama angelazimika kuingiza kichwa chake mlemle na kuizuia nuru ileile anayoitafuta. Kwa hiyo Newton akaweka karibu na mdomo kioo kidogo bapa, kilichoinama kwa pembe ya nyuzi 45, kiipokee nuru kabla haijakutana na kuitupa ubavuni, nje ya mwanzi, ambako kuna bomba fupi na jicho la darubini, yaani lenzi ndogo za kukuzia. Darubini yake ya kwanza aliitengeneza mwaka 1668, chombo cha urefu wa inchi 6 hivi kilichoweza kukuza mara 40 au karibu yake, na kioo chake hakikuwa cha bilauri bali cha shaba iliyochanganywa na bati ikasuguliwa hata ikang'aa. Ya pili aliipeleka mbele ya Royal Society ya London mwishoni mwa 1671, na wanachuoni wa pale wakastaajabu kuona chombo kinachoshikika mkononi kikifanya kazi ya darubini za lenzi zilizokuwa ndefu mara nyingi kukizidi.

Newton hakuwa wa kwanza kufikiri juu ya kukusanya nuru kwa kioo. Zaidi ya miaka 600 kabla yake, Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kumaliza umri wake Kairo, aliandika risala juu ya vioo vya kuunguzia, ambamo alibainisha kwa hoja za jiometri kwamba kioo chenye umbo la parabola, yaani lile pindo ambalo jiwe lililorushwa hulichora hewani likipanda na kushuka, kila mwali unaokifikia sambamba na mhimili wake hukiacha ukielekea nukta moja. Msomaji alishike neno hilo, mhimili, ambalo ni ule mstari usioonekana unaotoka katikati ya kioo na kusimama wima juu ya uso wake, kwa kuwa kazi yote ya kulinganisha vioo ni kazi ya kuutafuta mstari huo na kuupeleka unakotakiwa. Kioo cha Newton mwenyewe kilikuwa kipande cha tufe, kwa maana kuichonga parabola kulikuwa kugumu mno kwa mikono ya zama zake. Aliyefaulu ni John Hadley, Mwingereza, aliyeonyesha mwaka 1721 darubini yenye kioo cha parabola cha upana wa kama inchi 6, ambao ni takriban upana uleule wa kioo cha shule niliyoisimulia.

Sasa tufe na parabola vina tabia mbili tafauti. Tufe halina mhimili mmoja. Ulitazame kutoka upande wowote, ni lilelile. Parabola ina mmoja tu, na juu ya huo mmoja huchora nukta safi kabisa. Lakini nyota ikikaa pembeni ya mhimili, hata kwa kiasi kidogo, nuru iliyopita ukingoni mwa kioo haikutani tena na ile iliyopita katikati, na nyota huota mkia kama nyota ya mkia ya kweli. Mkia huo ndio waliouona watoto wa ile shule. Ukiuona mkia katikati ya uwanja wa darubini yako, na nyota zote zikiwa na mikia iliyoelekea upande mmoja, basi usikisingizie kioo, usilisingizie jicho lako wala mawingu. Mhimili wa kioo umekwenda kwingine na wewe unatazama pembeni yake.

Je, mhimili ukipotoka kiasi gani ndipo madhara yaonekane? Kuna hesabu ya jambo hili, nayo ni nyepesi. Gawanya urefu wa fokasi kwa upana wa kioo: darubini ya shule ilikuwa na fokasi ya milimita 1200, ukigawanya kwa 150 unapata 8, na hesabu hiyo huitwa uwiano wa fokasi. Kwa uwiano wa 8, ile sehemu ya taswira iliyo safi, isiyoguswa na mkia, ina upana wa milimita 11 hivi, kama ukucha wa kidole cha shahada. Kwa uwiano wa 4 mtu angedhani sehemu hiyo itapungua nusu. Walakini hupungua ikawa moja ya nane, kwa sababu hukua na kusinyaa kwa mchemraba wa uwiano, na inayobaki ni milimita 1.4, nyembamba kuliko njiti ya kibiriti. Chukua basi darubini fupi ya uwiano huo wa 4, ambayo kioo chake cha milimita 150 kimekalia parafujo tatu zilizo umbali wa milimita 60 kutoka katikati, kila parafujo ikisogea milimita moja kwa mzunguko mzima. Zungusha moja robo ya mzunguko tu, kiasi ambacho mkono haukihisi, na mhimili utahama kwenye fokasi zaidi ya milimita moja na nusu, yaani utatoka kabisa katika uwanja wake safi. Darubini ndefu ni stahimilivu zaidi. Ile ya shule isingedhurika kwa robo ya mzunguko, na kwa hiyo nilipoikuta katika hali ile nilitambua kwamba safari ya lori ilizilegeza parafujo zake mizunguko kadhaa.

Watu wengi wakisikia hivi hudhani kwamba chombo kinachohitaji kurekebishwa kila mara ni chombo hafifu, na ningependa kuiondoa dhana hiyo kabla sijaendelea. Parafujo tatu zilizo nyuma ya kioo kikubwa, na springi zinazokisukuma, hazikuwekwa pale kwa kufunika upungufu wa fundi. Ziliwekwa kwa sababu hakuna mwanzi unaosafiri, unaopata joto mchana na baridi usiku, ukaweza kuvishika vioo viwili katika mstari mmoja milele. Mpigaji udi hukaza nyuzi za udi wake kila kabla ya kuimbisha, na hajapata kutokea mtu akasema udi umekufa kwa kuwa nyuzi zimelegea. Darubini ya vioo ni vivyo hivyo, nayo yataka kutazamwa kila inapohamishwa.

Mchana ule tulianza kwa kulaza mwanzi juu ya madawati mawili, mdomo wake ukielekea ukuta mweupe, mbali na mlango ulioingiza jua. Sharti hilo la jua si la kupuuzwa hata mara moja, kwa maana kioo kikubwa kikielekezwa kwenye jua huwa ndicho kile kioo cha kuunguzia cha Ibn al-Haytham, na jicho litakalokuwa kwenye fokasi yake halitaona tena. Na sababu ya kuulaza mwanzi ni nyepesi lakini yafaa kukumbukwa: bisibisi ikiponyoka mkononi ianguke sakafuni, isitumbukie mwanzini ikakivunja kioo kilicho chini.

Baadaye tukakitoa kioo kikubwa pamoja na kikalio chake, tukakata karatasi ya duara yenye upana sawasawa nacho, tukaikunja mara mbili ili kupata kitovu, na juu ya kitovu cha kioo tukabandika kiduara kile cha karatasi ambacho makarani hukizungushia tundu la karatasi ya faili isichanike. Mwalimu aliingiwa na hofu kuona kitu kinabandikwa juu ya uso wa kioo, nami nikamtuliza kwa kumwonyesha kwamba sehemu hiyo ya katikati haipokei nuru kabisa, kwa vile kivuli cha kioo kidogo huifunika daima. Kisha tukatwaa kifuniko cha plastiki kinachoingia barabara kwenye bomba la jicho, tukakitoboa katikati kwa msumari uliopashwa moto tundu la ukubwa wa punje ya ulezi, na upande wake wa ndani tukaubandika karatasi nyeupe. Vifaa vya dukani vya kazi hii vipo na ni vizuri, walakini kifuniko hicho kilitosha.

Ukichungulia kwenye tundu hilo unaona duara ndani ya duara, na mara ya kwanza macho huchanganyikiwa. Yakupasa kuzitaja moja moja. Ya nje kabisa ni ukingo wa bomba la jicho. Ndani yake ni kioo kidogo, ambacho kwa kweli kimechongwa mviringo mrefu kama yai lakini kwa kuinama kwake huonekana duara kamili. Hicho lazima kikae katikati ya bomba, wala kisielekee kitako wala mdomo wa mwanzi. Ndani ya kioo kidogo unaona taswira ya kioo kikubwa, na ukingoni mwake vishikizo vitatu vinavyokishika. Siku ile tuliviona viwili tu. Cha tatu kilifichika, na hiyo ilikuwa ithibati kwamba kioo kidogo kimejipinda. Tukazigeuza parafujo zake tatu ndogo, moja ikilegezwa na nyingine zikikazwa, mpaka vishikizo vyote vitatu vikajitokeza na kile kiduara cha karatasi kikasimama katikati ya bomba.

Hapo bado duara moja, iliyo ndogo kuliko zote. Ni taswira ya kile kifuniko chenyewe, karatasi yake nyeupe na tundu lake lililo kama nukta nyeusi, iliyokwenda hadi kioo kikubwa na kurudi. Nayo ilikuwa imeegemea ukingoni, karibu kupotea. Kuileta nukta hiyo ndani ya kiduara cha karatasi ni kazi ya parafujo za kioo kikubwa, nazo ziko nyuma ya mwanzi, mahali ambapo mkono wa anayechungulia haufiki. Kwa hiyo ni kazi ya watu wawili, na bisibisi alikabidhiwa msichana wa darasa la sita ambaye tangu asubuhi hakuwa ameondoka mlangoni.

“Mzee, nizungushe upande gani?” aliuliza.

“Wowote, mwanangu. Tukikosea tutaona hapohapo. Lakini iwe robo tu, kisha ungoje.”

“Nimeshafika robo, Mzee.”

“Imekwenda mbali. Rudisha ulikotoka, kisha ongeza robo nyingine.”

Nukta ilikaribia, ikapita, ikarudi. Kioo kikigeuzwa kwa pembe fulani, mwali unaorudi hugeuka kwa pembe maradufu, ndiyo maana taswira hukimbia kuliko mkono unavyotarajia. Baada ya parafujo ya pili kuguswa kidogo nukta nyeusi iliingia ndani ya kiduara cha karatasi ikatulia pale, nami nikaondoka nikampisha yule msichana achungulie. Alizihesabu duara kwa sauti, moja baada ya moja, kisha akanyamaza kitambo bila kuondoa jicho lake.

Niseme neno moja kwa wale watakaojaribu. Katika darubini fupi kivuli cha kioo kidogo hakikai katikati ya duara nyingine, husogea kidogo kuelekea kitako cha mwanzi, na jambo hilo ni sahihi kwa jiometri ya chombo. Wapo waliopoteza usiku mzima wakikifukuza kivuli hicho na kuharibu yote waliyokwisha kuyatengeneza. Nukta na kiduara cha karatasi ndivyo vya kuaminiwa.

Kazi ya mchana huileta darubini karibu na haki, lakini hukumu ya mwisho ni ya nyota. Tuliutoa mwanzi uwanjani saa nzima kabla, kwa maana ghala la paa la mabati hukitia kioo joto, na kioo chenye joto huipandisha hewa iliyo juu yake ikatetema kama hewa ya jikoni. Wenzetu wa Ulaya na Marekani hufanya jaribio hili kwa nyota ya kaskazini, ile ambayo mabaharia wetu wa zamani waliiita jaa, kwa kuwa haionekani kuhama. Sisi wa kusini ya Ikweta haitokezi juu ya upeo wa macho yetu, na nyota zote tulizo nazo zinakwenda. Nyota iliyo juu ya mstari wa Ikweta ya mbingu, ukiikuza mara 200, hukata uwanja wa robo ya digrii kwa dakika moja tu. Miezi ya kaskazi lakini tunayo Suheli, nyota ya pili kwa mwangaza katika mbingu yote baada ya Shira, ambayo jina lake limekuwa kwa Waswahili jina la kusini. Na kwa vile imekaa mbali na Ikweta ya mbingu, mwendo wake katika darubini ni wa taratibu zaidi, nayo humpa mtu zaidi ya dakika moja na nusu ya kuitazama kabla hajausogeza mwanzi.

Tuliiweka Suheli katikati ya uwanja, tukaisogeza lenzi ya jicho nje kidogo ya fokasi. Nyota ikafutuka ikawa sahani ndogo ya pete za nuru, pete ndani ya pete, na katikati yake shimo jeusi ambalo ni kivuli cha kioo kidogo. Vioo vikiwa sawa, shimo hilo hukaa katikati na pete huwa na unene mmoja pande zote. Letu lilikuwa limeegemea kushoto kidogo, upungufu ambao tundu la kifuniko halikuweza kuuonyesha. Robo ya robo ya mzunguko ilitosha. Kila parafujo inapoguswa nyota huhama, na lazima irudishwe katikati kabla ya kutoa hukumu nyingine, vinginevyo mtu atakuwa akiupima mkia wa pembeni na kudhani ni kosa la vioo. Hatimaye pete zikakaa sawa. Tukairudisha lenzi kwenye fokasi, na Suheli ikawa nukta kali iliyozungukwa na duara moja jembamba la nuru. Ndipo tukageukia Mushtara. Yule msichana alikuwa wa kwanza.

“Ina mikanda, Mzee,” alisema. “Miwili. Na nyota nne zimeisindikiza.”

Nimesema kwamba nyota ndiyo hakimu, na nina sababu ya kulitilia mkazo neno hilo. Siku hizi kuna kifaa cha leza kinachotumbukizwa kwenye bomba la jicho na kuonyesha njia ya mwali kwa doa jekundu, nacho hurahisisha kazi sana. Lakini kama leza yenyewe haikukaa sawa ndani ya ganda lake, itakuelekeza kwa ujasiri mahali pasipo sahihi. Kizungushe kifaa hicho ndani ya bomba: doa likizunguka badala ya kutulia, usikitumie. Na mtu asidhani kwamba kuhadaiwa na kipimo ni msiba wa wanafunzi peke yao. Darubini ya Hubble, iliyorushwa angani tarehe 24 Aprili 1990 ikiwa na kioo cha mita 2.4 kilichosuguliwa kwa usahihi uliopita vioo vyote vya kabla yake, ilituma picha zenye ukungu. Na uchunguzi ulibainisha kwamba kioo kimesuguliwa kikamilifu kwa kufuata umbo lisilo lake, ukingo wake ukiwa chini kwa mikroni 2.2, kwa sababu ndani ya chombo kilichotumiwa kukipima lenzi moja ilikuwa imewekwa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Vipimo vingine viwili vya kawaida vilikuwa vimelionyesha kosa hilo duniani, vikapuuzwa kwa kudhaniwa kuwa hafifu kuliko kile kikuu. Ilibidi wanaanga wapande mwezi Desemba 1993 kwenda kuipachikia vioo vidogo vya kuisahihisha, mfano wa mtu avikwaye miwani.

Wakuu wa zamani walijaribu njia nyingine, ya kuachana na kioo cha pili. William Herschel, ambaye mwaka 1781 aliigundua sayari ya Uranus akiwa Bath kwa darubini aliyoitengeneza kwa mikono yake, aliona kwamba vioo vya shaba na bati hupoteza sehemu kubwa ya nuru kila nuru inapogonga, na katika darubini yake ya futi 40, iliyokamilika 1789, akakiondoa kioo kidogo kabisa: alikiinamisha kioo kikubwa ili fokasi iangukie ukingoni mwa mdomo wa mwanzi, akasimama pale juu na kutazama. Kuinamisha huko kulimletea mkia kidogo, lakini urefu wa chombo chake uliupunguza, kama hesabu ya mchemraba ilivyokwisha kutuonyesha. Mimi siioni njia hiyo kuwa ya kufuatwa. Tangu Léon Foucault na wenziwe wa karne ya 19 walipojua kuupaka uso wa bilauri utando wa fedha, na baadaye karne ya 20 alumini, kioo kidogo hakichukui tena nuru ya kuhuzunisha.

Darubini kubwa za leo hazina kioo kimoja cha kulinganisha, zina vingi. Katika bara letu, huko Sutherland, Afrika ya Kusini, iko darubini iitwayo SALT, iliyofunguliwa Novemba 2005, ambayo kioo chake cha mita 11 hivi kimeundwa kwa vipande 91 vya pembe sita, kila kimoja upana wake mita moja na kila kimoja kinasogezwa na viinuzi vitatu. Waliichagua tufe badala ya parabola, na sababu moja msomaji aweza sasa kuikisia: vipande vya tufe vyote ni vya umbo moja, na nuru iliyotumwa kutoka katikati ya tufe hurudi palepale ilipotoka. Basi pembeni ya jengo wamesimamisha mnara, na juu yake kuna kipimo kinachotuma nuru na kuipokea, kikivisahihisha vipande vyote 91 mpaka viwe uso mmoja. Kosa la tufe lenyewe husahihishwa baadaye na vioo vingine vilivyo juu kwenye fokasi.

Lakini kazi iliyonigusa moyo kuliko zote ni ile ya darubini ya James Webb, iliyoondoka duniani tarehe 25 Desemba 2021 ikiwa imekunjwa, kwenda mahali palipo umbali wa kilomita milioni moja na nusu ambako hakuna mkono wa fundi utakaofika. Kioo chake cha mita 6.5 ni vipande 18 vilivyopakwa dhahabu. Vilipokunjuliwa, kila kimoja kikitazama upande wake, wataalamu waliielekeza kwenye nyota moja ya kawaida katika kundi la Dubu Mkubwa, inayojulikana kwa namba HD 84406, wakapiga picha zaidi ya 1,500 kwa muda wa karibu saa 25. Na nyota hiyo moja ikaonekana mahali 18, imetawanyika kama punje zilizomwagika, yenye mikia na ukungu, nyingine zimevimba. Kujua nukta ipi ni ya kipande kipi walifanya lilelile alilolifanya msichana wa darasa la sita: walikigusa kipande kimoja kidogo, wakangoja, wakatazama ni ipi iliyohama. Kisha wakazipanga nukta 18 katika umbo la pembe sita, wakazisafisha moja moja, wakazilaza zote juu ya mahali pamoja, na mwisho wakavisawazisha vipande hivyo kwa vipimo vya nanomita, mpaka katikati ya Machi 2022 nyota ikawa moja. Viinuzi vya kila kipande ni saba, sita vya kukisogeza na kimoja cha kuurekebisha mbonyeo wake, na hatua yao ndogo ni ndogo mno kuliko unene wa unywele. Hata hivyo hawakuiacha. Kwa kawaida kila baada ya siku mbili ulinganifu wa vioo vyake hupimwa, na vikionekana vimepotoka husahihishwa.

Kwa hiyo nawaomba walimu wakuu na wazazi wanaojua kwamba ghalani mwao imelala darubini iliyosemwa kuwa mbovu, waitoe kesho mchana, wailaze mezani mbali na jua, wachungulie katika tundu dogo na kuzihesabu duara zake kabla hawajaitupa.